Ndege wa Moto: Mapenzi na Mauti katika Manga ya Osamu Tezuka

Katika masimulizi mengi ya kale yanayomhusu mtu anayetafuta uhai usiokoma, mtafutaji hurudi mikono mitupu, na msiba wa hadithi huwa ni kule kukosa: Gilgamesh aliupata mmea wa kurudisha ujana akaibiwa na nyoka, na katika masimulizi yaliyoenea miongoni mwa Waislamu, Dhulkarneni alipotea gizani ilhali Khidhri ndiye aliyeifikia chemchemi ya maji ya uzima. Manga moja ya Kijapani, iliyochorwa na Osamu Tezuka kati ya mwaka 1967 na 1968, inayapindua masimulizi ya namna hiyo, kwa maana mhusika wake mkuu hakuuomba uhai wa milele bali alipewa tu, na msiba wake unaanzia hapo alipopewa. Manga hiyo inaitwa Mirai-hen, yaani Sehemu ya Wakati Ujao, nayo ni sehemu ya pili ya mfululizo mrefu uitwao Hi no Tori, maneno ambayo kwa Kiswahili ni Ndege wa Moto. Hoja inayoshikiliwa katika mazungumzo haya ni kwamba Tezuka, alipotaka kuonyesha uzito wa mapenzi, hakutosheka na kumwua mpenzi mmoja, kama wafanyavyo watunzi wengi, bali alimnyima yule mwingine ruhusa ya kufa, na kwa njia hiyo akalisema jambo ambalo hadithi za mapenzi mara chache hudiriki kulisema.

Neno manga lenyewe linahitaji maelezo mafupi. Ni jina la Kijapani la hadithi zinazosimuliwa kwa michoro iliyopangwa kwenye visanduku vinavyofuatana, wahusika wakizungumza ndani ya viputo, na kitabu chake husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, kama kisomwavyo kitabu cha Kiarabu. Katika Afrika ya Mashariki kazi za aina hiyo huitwa katuni au vibonzo, na watu wengi huzihesabu kuwa burudani ya watoto au kichekesho cha gazetini. Huko Japani, hata hivyo, sanaa hii imekomaa kiasi kwamba kuna manga za wafanyakazi wa ofisini, za wapenda upishi, za wanawake watu wazima na za wasomaji wa historia, na mauti huzungumzwa humo kwa uzito uleule yanaopewa katika riwaya. Ukomavu huo ulichangiwa sana na Tezuka mwenyewe, mchoraji ambaye inakadiriwa kwamba katika maisha yake alichora takriban kurasa 150,000.

Tezuka alizaliwa tarehe 3 Novemba 1928 katika mji wa Toyonaka, karibu na Osaka, akakulia Takarazuka, ambako akiwa mtoto aliwapenda wadudu kiasi cha kuongeza herufi yenye maana ya mdudu katika jina lake la uandishi, na herufi hiyo ikabaki humo hadi mwisho wa maisha yake. Mwezi Juni 1945, akiwa na umri wa miaka 16, alikuwa amepelekwa pamoja na wanafunzi wenzake kufanya kazi katika kiwanda cha silaha cha jeshi mjini Osaka, ndege za Marekani zilipoumwagia mji huo mabomu ya moto. Alinusurika, na mwaka 1974 aliyasimulia aliyoyaona katika manga fupi iitwayo Kami no Toride, yaani Ngome ya Karatasi. Baada ya vita alisomea udaktari wa binadamu, na ingawa aliichagua kalamu badala ya hospitali, mwaka 1961 alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti kuhusu utando katika mbegu za kiume za konokono. Yafaa mambo haya yakumbukwe, kwa kuwa mdudu, moto unaoshuka kutoka angani, na chembe hai inayotazamwa kwa darubini ni mambo yanayorudi tena na tena katika Ndege wa Moto, na anayeyajua maisha ya mwandishi hushangaa kuona kwamba hata konokono wa utafiti wake, kwa namna ya pekee, wamepata nafasi yao.

Mfululizo wenyewe haukuzaliwa kwa siku moja. Inasemekana wazo la ndege huyo lilimjia Tezuka alipoitazama baleti ya mtunzi wa Kirusi Igor Stravinsky yenye jina hilohilo, na jaribio lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1954, la pili mwaka 1956, lakini kazi ilipata sura yake kamili mwaka 1967 katika jarida lililoitwa COM, ambalo lilitolewa na kampuni yake mwenyewe. Ndege wa moto ni kiumbe anayekufa kwa kujichoma na kuzaliwa tena katika majivu yake, na damu yake humpa anayeinywa uhai usiokoma. Kwa sababu hiyo kila kizazi cha wanadamu, tangu enzi za watemi wa kale wa Japani hadi enzi za vyombo vya anga, humwinda ndege huyo na kuangamia katika kumwinda. Sehemu ya kwanza, iitwayo Mapambazuko, inasimulia zama za kale kabisa. Sehemu ya pili, ambayo ndiyo mada ya mazungumzo haya, inaruka hadi mwisho wa dunia.

Mwaka ni 3404. Uso wa dunia umekuwa jangwa lisiloweza kukaliwa, na wanadamu waliosalia wamejificha katika miji mikuu mitano iliyojengwa chini ya ardhi, kila mmoja ukitawaliwa na kompyuta inayotoa amri juu ya kila jambo, kuanzia sheria za nchi hadi nani amwoe nani. Maendeleo yamekwisha kusimama. Watu wamechoka, na wengi hawatamani tena chochote isipokuwa kurudia mambo ya kale. Mji wa Yamato unatawaliwa na kompyuta iitwayo Haleluya, na mji wa Lengud una kompyuta yake, na msomaji wa miaka ile ya 1960, aliyezoea kusikia habari za Marekani na Urusi zikielekezeana makombora, hakuhitaji kuelezwa kwa nini jina la mji huo wa pili linafanana na Leningrad. Katika Yamato anaishi afisa kijana wa kikosi cha anga za juu aitwaye Masato Yamanobe, naye anaishi kwa siri na msichana aitwaye Tamami.

Tamami si binadamu. Ni Mupi, yaani kiumbe aliyeletwa kutoka sayari nyingine ambaye mwili wake hauna umbo la kudumu na unaweza kuchukua sura yoyote utakayo, na ambaye ana kipaji cha kuwatia wanadamu katika ndoto nzito zinazofanana na maisha kamili, ndoto ambamo mtu huweza kuwa mwingine, katika nchi nyingine, katika karne nyingine. Dola imepiga marufuku Mupi wote na kuamuru wauawe, kwa hoja kwamba ndoto zao zinawalegeza watu, na Rock, mkubwa wa Masato kazini, anampa kijana huyo amri ya kumwua Tamami kwa mkono wake mwenyewe. Masato anashindwa kuitii amri hiyo. Anamchukua Tamami na kutoroka naye kwenda juu, kwenye uso wa dunia, mahali ambapo kila mtu anaamini kwamba hakuna anayeishi.

Hapa pana swali ambalo wahakiki hawapaswi kulipita kwa haraka. Je, yanaweza kuitwa mapenzi yale mapenzi ya mwanamume kwa kiumbe anayeweza kuwa chochote anachotamani mwanamume huyo? Tamami amechukua sura ya msichana mrembo, mpole, mwenye kusubiri, na katika sehemu kubwa ya hadithi hatamki neno linalompinga Masato. Ni kana kwamba mwandishi amemchora kwa matakwa ya kijana huyo badala ya kumpa matakwa yake mwenyewe. Huo ni udhaifu wa kweli, na katika kazi nyingine za Tezuka wanawake hupatwa na hali hiyohiyo, kupendwa sana na kusikilizwa kidogo. Hata hivyo, hadithi yenyewe inaonekana kulijua swali hilo, kwa sababu katika dunia ambayo kompyuta imepanga kila ndoa na kila kifo, kitu pekee ambacho Masato amekichagua kwa hiari yake ni kiumbe huyo ambaye sheria inamwita kitu tu, na uzito wa mapenzi yake unapimwa kwa alichokipoteza: cheo, mji, na hatimaye jamii nzima ya wanadamu.

Kuangamia kwa jamii hiyo kunasimuliwa kwa ufupi unaotisha. Haleluya na kompyuta ya Lengud zinahitilafiana juu ya hatima ya watoro hao wawili, na kwa vile kila moja imeundwa ikiamini kwamba hesabu yake haiwezi kukosea, hakuna inayoweza kurudi nyuma hatua moja. Watawala wa kibinadamu wanasimama mbele ya mashine wakisubiri kuambiwa la kufanya, na wanachoambiwa ni vita. Miji hiyo miwili inalipuka, na katika dakika hiyohiyo mitatu iliyobaki nayo inalipuka, ingawa haikuwa na ugomvi na yeyote. Wasomaji wa leo, ambao wamezoea kusikia kwamba mashine zenye uwezo wa kufikiri zitaamua mambo kwa haki kuliko watu, watafaidika kuzisoma kurasa hizo polepole. Tezuka hakuzichora mashine zenye chuki. Alichora mashine zilizo na hakika, na watu walioacha mazoea ya kuwa na shaka, na kutokana na mchanganyiko huo ukazaliwa moto uleule alioushuhudia Osaka akiwa kijana.

Masato na Tamami wananusurika kwa kuwa walikuwa wamepokewa kwenye kuba lililojengwa jangwani, makao ya mwanasayansi mzee aitwaye Saruta. Mzee huyu ametumia miaka yake yote akijaribu kuumba upya wanyama waliotoweka, na kuba lake limejaa mirija mirefu ya kioo yenye maji maalumu ambamo viumbe hao wanaelea. Wanaishi, wanafumbua macho, hata wanamtambua muumba wao, lakini wakitolewa nje ya maji hayo hufa papo hapo. Saruta ana pua kubwa iliyovimba, na pua hiyo ina historia: katika sehemu ya Mapambazuko, babu yake wa kale aitwaye Sarutahiko alitupwa shimoni akaumwa na nyigu mpaka uso wake ukaharibika, na tangu hapo pua hiyo inarithiwa kizazi baada ya kizazi, katika zama nyingi ambazo mfululizo unazisimulia, mara nyingi pamoja na upweke wa mtu asiyependwa. Mafundisho ya dini ya Buddha kuhusu kuzaliwa upya, yaani imani kwamba baada ya kifo maisha huendelea katika mwili mwingine yakiwa yamebeba matokeo ya matendo yaliyotangulia, ndiyo yanayoushikilia mfululizo huu, na Tezuka ameyaweka kwenye pua ili hata mtoto ayaelewe.

Katika kuba hilo anatumika pia roboti mnene, mwenye mwili wa chuma, aitwaye Robita, ambaye msomaji wa Mirai-hen peke yake humwona kama mtumishi mwaminifu na kumpita. Siri yake imefichuliwa katika sehemu nyingine, iitwayo Ufufuko, iliyochapishwa kati ya 1970 na 1971, na inafaa kuelezwa hapa kwa kuwa inaikamilisha hadithi ya Masato. Kijana aitwaye Leona anakufa kwa kuanguka kutoka juu, mwaka 2482, na madaktari wanamrudishia uhai kwa kuweka viungo vya kutengenezwa katika sehemu kubwa ya mwili na ubongo wake. Anapoamka, macho yake yamegeuka: watu wote, hata ndugu zake, anawaona kama mabonge ya udongo yanayotisha, na kitu pekee anachokiona kuwa kizuri ni roboti aitwaye Chihiro, ambaye kwa wengine ni mashine ya chuma, na kwake yeye ni msichana. Wanapendana, na kwa vile hakuna mwili unaoweza kuwaunganisha, kumbukumbu zao zinachanganywa ndani ya chombo kimoja cha chuma, na chombo hicho ndicho Robita. Kwa hiyo yule mtumishi mwenye mwendo wa kuchekesha anayewaletea vyakula wageni wa Saruta ni kaburi la wapenzi wawili waliokubali kuiacha miili yao ili wawe pamoja, na katika kuba moja Tezuka amewakusanya binadamu anayempenda asiye binadamu, mzee ambaye hakupendwa, na mashine iliyotengenezwa kwa mapenzi.

Baada ya miji kulipuka, mionzi inaenea hewani na waliomo ndani ya kuba wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Hata Rock, aliyekuwa amewafuata watoro hao ili awakamate na ambaye sasa hana tena serikali ya kuitumikia, anakufa humo. Kabla ya hapo, ndege wa moto amemtokea Masato na kumchukua katika safari ya ajabu, kwanza ndani ya kitu kidogo kuliko vumbi, ambamo chembe zinazunguka kama sayari zinavyolizunguka jua na katika kila moja mna ulimwengu kamili, na kisha nje, mbali kuliko nyota zote, mahali ambapo makundi ya nyota yenyewe yanaonekana kuwa seli za kiumbe hai mkubwa usio na kipimo. Ndege huyo anauita uhai huo uliomo katika kila kitu Kosmozoni, neno lenye maana ya uhai wa ulimwengu wote kwa ujumla. Kalamu ya daktari aliyetazama seli za konokono kwa darubini inaonekana wazi katika kurasa hizo, na ni vigumu kuzitaja kurasa nyingine za hadithi ya picha, za zama zile, zilizojaribu kubeba jambo kubwa kiasi hicho kwa wino mweusi na karatasi ya bei nafuu.

Kisha ndege anampa Masato uhai usiokoma na kumkabidhi kazi: aingoje siku ambayo uhai utazaliwa tena duniani, na auangalie. Tamami anakufa. Saruta anakufa. Masato anabaki.

Yanayofuata ni sehemu bora kuliko zote katika kitabu hiki. Masato anajaribu kujiua, na mwili wake unakataa kufa. Anatangatanga juu ya dunia iliyoungua mpaka anagundua mahali ambapo, kabla ya maangamizi, mtu fulani alijifungia katika kapsuli, yaani chumba kidogo kilichozibwa pande zote, akalazwa katika usingizi wa barafu, na mlango wake umewekwa saa itakayoufungua baada ya miaka 5,000. Hana njia ya kuufungua mapema. Basi anaketi na kusubiri. Anazungumza na mlango. Anamsimulia aliyelala ndani mambo ambayo hana mtu mwingine wa kumsimulia. Anamfikiria sura yake, umri wake, neno la kwanza atakalolitamka. Miaka 5,000 inakaribia urefu wa historia yote iliyoandikwa na wanadamu tangu walipobuni maandishi, na mtu huyu anaumaliza muda huo mbele ya mlango mmoja. Siku inapofika, mlango unafunguka wenyewe, naye anakuta ndani vumbi tu.

Sababu ya tukio hilo kuumiza kiasi hicho yafaa ichunguzwe. Aliyelala ndani ya kapsuli si Tamami, wala si mtu aliyewahi kumjua. Hana jina, hana sura, na huenda angekuwa mtu asiyependeka. Masato amempenda kwa sababu moja tu, kwamba angeweza kuwapo. Kwa maneno mengine, upweke umemvua masharti yote ambayo wapenzi huwekeana, ya uzuri, ya ukoo, ya tabia, mpaka likabaki hitaji tupu la kuwa na mwingine, na hapo ndipo msomaji anapotambua kwamba hata mapenzi ya mwanzo, yale ya Tamami mwenye sura ya kuchagua, yalikuwa na mzizi huohuo. Tezuka hakuyadharau mapenzi kwa kuyafikisha mahali hapo. Aliyavua nguo za mapambo ili yaonekane yalivyo. Na jambo linaloyafanya yaume ni kwamba Masato hawezi kumfuata aliyekuwa vumbi. Karibu wapenzi wengine wote katika fasihi, hata wale waliotenganishwa kwa ukatili kuliko wote, wana tumaini hilo moja, kwamba anayebaki leo ataondoka kesho. Yeye amenyang'anywa hata hilo.

Baada ya hapo muda katika hadithi unaanza kukimbia. Masato anachanganya vitu ambavyo viumbe hai hutengenezwa navyo, anavimwaga baharini, na kusubiri. Safari hii subira yake haihesabiki kwa maelfu ya miaka bali kwa mamilioni na mabilioni. Mwili wake unachakaa na kutoweka, ikabaki nafsi isiyo na umbo inayotazama. Uhai unatoka baharini, mijusi wakubwa wanatawala na kupita, na kisha, badala ya nyani, wanaosimama na kujenga miji ni koa, wale viumbe laini wa jamii ya konokono wanaotambaa wakiacha ute nyuma yao. Koa hao wanajifunza kusema na kuandika sheria, wanagawanyika makundi mawili, wanapigana, na wanatoweka. Huenda msomaji akatabasamu anapowaona koa wakijivunia ustaarabu wao, lakini Tezuka amewachora bila dhihaka, na yule wa mwisho wao, akiwa anakufa peke yake, analilia uhai kwa namna ambayo mwanadamu yeyote angeulilia; Masato, ambaye angetoa kila kitu apate kufa, hana la kumjibu kiumbe ambaye angetoa kila kitu apate kuishi. Mazungumzo hayo mafupi kati ya asiyekufa na anayekufa yana falsafa nzito kuliko hotuba zote ambazo ndege wa moto amezitoa kabla yake, na pengine kitabu kingekuwa imara zaidi kama ndege huyo angezungumza kidogo kuliko anavyozungumza.

Hatimaye wanadamu wanatokea tena, wakiwa na mikuki na moto, na Masato anaruhusiwa kupumzika: nafsi yake inapokewa ndani ya ndege wa moto, na humo anamkuta Tamami. Wahakiki wengine wanaweza kuuona mwisho huo kuwa mtamu kupita kiasi baada ya uchungu wote uliotangulia, na hoja hiyo haikosi nguvu. Lakini inafaa kutambuliwa kwamba wapenzi hao hawarudishiwi miili yao wala nyumba yao ya Yamato. Wanakutana baada ya kila mmoja kuacha kuwa mtu wa pekee, yeye asiye na umbo tangu kuzaliwa na yeye aliyelipoteza umbo lake kwa kusubiri, kwa hiyo kinachowakutanisha ni mauti yenyewe, yaliyomchelewea mmoja wao kwa mabilioni ya miaka. Kurasa za mwisho zinarudi kwa wawindaji wa zama za kale wanaomnyemelea ndege wa moto ili wainywe damu yake, tukio lilelile ambalo sehemu ya kwanza ya mfululizo ilifunguliwa nalo, na msomaji anabaki hajui kama amefika mwisho wa historia au mwanzo wake.

Mzunguko huo ulikuwa sehemu ya mpango mkubwa. Tezuka alikusudia kuusimulia mfululizo wake kwa kurukaruka, sehemu moja ikihusu wakati uliopita na inayofuata ikihusu wakati ujao, kila mara pande zote mbili zikisogea karibu na leo, ili sehemu ya mwisho kabisa iangukie katika wakati ambao mwandishi mwenyewe anaishi, na alisema kwamba sehemu hiyo angeichora atakapokuwa karibu kufa. Jarida la COM lilikufa mapema, mfululizo ukahamia majarida mengine, na sehemu iitwayo Jua, iliyochapishwa kati ya 1986 na 1988, ikawa ya mwisho kukamilika. Wakati huo Tezuka alikuwa anaugua saratani ya tumbo. Kwa desturi iliyokuwa imeenea Japani miaka ile, madaktari waliieleza familia na kumficha mgonjwa, na kwa hiyo daktari aliyekuwa ameandika kuhusu mauti kwa miaka 40 hakuambiwa waziwazi jina la ugonjwa wake mwenyewe. Hata hivyo, katika shajara yake ya hospitalini, mwezi Januari 1989, aliandika wazo la hadithi mpya kuhusu mgonjwa wa saratani anayeamua kuipamba kwa picha dari ya choo cha hospitali, na ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyeandika wazo hilo hakuwa anajua.

Inasimuliwa kwamba siku zake za mwisho alikuwa bado anaomba apewe kalamu afanye kazi. Alifariki tarehe 9 Februari 1989, akiwa na umri wa miaka 60, akiacha manga kadhaa zilizokatika katikati. Sehemu ya Ndege wa Moto inayohusu wakati wa sasa haikuchorwa.